Laptopu Ikipata Homa, Tusiizike Mapema

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi: laptopu inachemka kama sufuria, feni inalia vuuu, halafu mashine inazima yenyewe katikati ya kazi.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wasomi. Hapana. Leo hapa Nakivale laptopu moja inaweza kuwa shamba la nyumba nzima. Kijana anasoma kwa intaneti, dada anaandikia watu barua za kuomba kazi, baba anasafisha picha za wateja. Tangu mwaka 2025, WFP ilipopunguza msaada wa chakula kwa wakimbizi wengi wa Uganda, ziko nyumba ambazo mashine hiyo ndiyo inaleta unga. Ikifa, watoto nao wanajua imekufa.

Yaliyotupata sisi

Ilikuwa kiangazi, mwezi wa saba, vumbi jekundu kila mahali. Laptopu tunayotengenezea jarida hili ilianza kuzima. Mwanzo ilikuwa mara moja kwa siku, kisha kila nusu saa, mwishowe haimalizi hata dakika kumi. Ndani yake kulikuwa na kurasa za toleo zima, na picha za harusi za mama mmoja wa Juru aliyetuomba tumhifadhie. Picha nyingine hana, zilibaki Kongo pamoja na nyumba. Na sisi, tuseme ukweli, hatukuwa tumeweka nakala popote. Usiku ule usingizi haukuja.

Asubuhi tukapanda teksi mpaka Mbarara. Fundi wa kwanza aliiwasha, akaigusa chini, akasema, "Bodi imekufa. Laki tatu na nusu." Hakufungua hata skrubu moja! Tukatazamana. Pesa hiyo tungeitoa wapi?

Tukiwa njiani kurudi kwenye teksi tukaona kibanda kidogo cha fundi mwingine, kijana wa Bukavu. Mwenzetu, mama mtu mzima, akamweleza habari yote. Kijana akajibu, "Mama, tuifungue kwanza, ndio tuseme."

Akaifungua. Kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupozea kulikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi. Akalivuta lote kwa mara moja. "Bodi ni nzima, Mama. Mashine ilizibwa pua." Tulilipa shilingi 20,000. Picha za harusi zilikuwemo zote. Na kabla ya kupanda teksi tulinunua flashi.

Kwa nini inazima

Ubongo wa laptopu unaitwa prosesa, na ukifanya kazi unatoa joto. Joto hilo linapita kwenye bomba dogo la shaba mpaka kwenye vibati vyembamba, na feni inalipuliza nje. Hewa baridi inaingia kwa matundu, mara nyingi yako chini ya mashine, na hewa moto inatoka pembeni au nyuma. Ukiziba njia moja, joto linabaki ndani.

Laptopu ikiwa imetulia, prosesa huwa kwenye digrii 40 hadi 50 hivi. Ikifanya kazi nzito, kama kukata video, kufika 80 au zaidi kidogo sio ajabu. Ikikaribia 95 au 100, prosesa nyingi zinajipunguza mwendo zenyewe. Ndipo unaona mashine imekuwa nzito kama punda aliyechoka. Joto likizidi hapo, inajizima ili isiungue.

Kwa hiyo tuelewane: kuzima kwa joto sio lazima kuwe kifo. Mara nyingi ni mashine inaomba hewa. Usikubali habari ya bodi kabla haijafunguliwa mbele ya macho yako.

Feni ikipiga kelele

Kuna wanaotafuta namna ya kuipunguza feni mwendo kwa sababu inaamsha mtoto. Jamani, feni ikikimbia inakuokolea mashine. Ukiinyamazisha bila kupunguza joto, umemziba mgonjwa mdomo badala ya kumpa dawa.

Ukitaka kujua joto, programu ya bure kama HWMonitor inakuonyesha digrii. Programu za kuongoza feni zipo pia. SpeedFan ilijulikana sana miaka ya 2000, lakini laptopu nyingi haziiruhusu, kwa sababu feni inaongozwa na mashine yenyewe.

Njia iliyo salama ni kupunguza joto lenyewe. Katika Windows nyingi, fungua Control Panel, halafu Power Options, ingia kwenye mipangilio ya ndani ya umeme, utafute Maximum processor state. Ukiiweka 99 badala ya 100, laptopu nyingi zinaacha ule mwendo wa mbio wa ziada. Joto linashuka na feni inatulia, na kwa kuandika barua hutaona tofauti kubwa. Funga pia programu usizotumia.

Mambo ya bure nyumbani

Usiweke laptopu juu ya godoro, blanketi au mapaja yenye kitenge. Kitambaa kinaziba matundu ya chini. Weka juu ya meza au ubao. Inua nyuma kwa vizibo viwili vya soda, kimoja kila upande, hewa ipite.

Nyumba ya turubai au mabati inakuwa tanuri saa nane mchana. Kazi nzito fanya asubuhi au jioni, au toka kivulini. Na usiiweke kwenye begi ikiwa bado inawaka.

Wakati wa vumbi, ifunike ukimaliza kazi, baada ya kuizima. Iache ipoe kwanza.

Isafishwe ndani angalau mara moja kwa mwaka, na kwa vumbi letu hili hata mara mbili. Fundi akitumia blowa, mwambie ashike feni isizunguke. Ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuharibika. Kama mashine ina miaka mingi, muulize kama ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka, aibadilishe.

Tusifanye haya

Usiweke laptopu kwenye friji wala juu ya kitambaa chenye maji. Inapoa nje, lakini unyevu unaingia ndani na kuua bodi kweli.

Na betri: joto kali linaizeesha haraka. Ukiona imevimba, laptopu haifungiki vizuri au sehemu ya panya imeinuka, zima, chomoa chaji, usiitumie tena. Usiitoboe, usiibonyeze, usiitupe kwenye moto wa kupikia. Iweke mbali na watoto na umpelekee fundi, maana betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto.

La mwisho, ambalo sisi tulijifunza kwa hofu: weka nakala. Barua zako, vyeti vya watoto, picha za wazee waliobaki nyumbani, visiwe mahali pamoja tu. Flashi moja, au kwa ndugu unayemwamini.

Yule mama wa Juru alikuja kuuliza habari ya picha zake. Tulimpa flashi mkononi. Alicheka, akasema, "Sasa nyinyi mkizima, mimi siogopi."

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda. Mashine zenu zipumue, na nyinyi pia.