Diski ya Kompyuta Inapogoma: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu

Katika mada hii unaweza kupewa kompyuta yenye dalili fulani, kisha ukaulizwa chanzo cha tatizo na hatua za kuchukua. Wanafunzi wengi huandika "diski imekufa, inunuliwe nyingine" na kuishia hapo. Jibu hilo halina maksi. Nyumbani nako linaweza kukupotezea hesabu za duka la mama, au picha za harusi ambazo hazina nakala popote.

Kwanza ielewe diski yenyewe. Kompyuta za zamani za mezani, zile zenye boksi kubwa, huhifadhi kazi zako katika diski ya visahani vinavyozunguka, ambayo mafundi huiita hadi diski. Ya kwanza ilitolewa na IBM mwaka 1956, ikiwa na visahani 50, na uwezo wake ulikuwa takriban megabaiti 5 tu. Za nyumbani nyingi huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu ya kisahani kwa nafasi ndogo sana kuliko unene wa unywele. Boksi likigongwa wakati huo, kichwa kinaweza kukwaruza kisahani. Umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, mafaili yanaweza kuharibika ingawa diski yenyewe ni nzima. Tofautisha mambo haya mawili, kwa sababu matibabu yake si sawa.

Sasa washa kompyuta na usikilize. Ukisikia mlio wa "tak, tak, tak" unaojirudia, au sauti ya chuma kusaga chuma, izime mara moja. Kila dakika ya kuiacha iwake inaongeza mikwaruzo. Usiifungue diski hiyo "kuisafisha": chembe moja ya vumbi la Kilosa ikikaa juu ya kisahani ni kikwazo kikubwa kwa kichwa kinachopita karibu namna ile. Kama ndani yake mna kazi muhimu, mpelekee fundi anayeokoa data.

Kama hakuna mlio mbaya, lakini kioo kinaonyesha maneno "Disk boot failure", usikate tamaa. Maana yake ni kwamba kompyuta haikupata mahali pa kusoma mfumo wa kuiwashia. Anza na visababishi visivyo na gharama. Je, kuna flashi au sidii iliyosahaulika? Kompyuta inaweza kuwa inajaribu kuwaka kupitia hiyo. Itoe, kisha uwashe tena. Utashangaa ni mara ngapi tatizo huishia hapo.

Likibaki, chomoa waya wa umeme ukutani, gusa chuma cha boksi ili kuondoa umeme tuli mwilini, halafu fungua ubavu wa boksi. Diski ina nyaya mbili: moja huleta umeme, nyingine hupitisha data. Katika mashine za zamani zaidi waya wa data ni mpana kama utepe. Katika zilizofuata ni mwembamba. Zichomoe zote mbili, uzirudishe mpaka zikae imara, na ukiweza jaribu waya mwingine wa data. Nyaya hulegea hasa baada ya safari. Kompyuta iliyotoka Mikumi hadi Kilosa nyuma ya gari, bila godoro chini yake, ikaguliwe hapa kabla ya kulaumu diski. Boksi la kugawa umeme usilifungue kabisa, kwani ndani yake hubaki umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Kilosa ni mji unaojua mafuriko. Yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yanakumbukwa. Kompyuta iliyoingia maji usiiwashe "kuijaribu".

Diski ikionekana tena lakini kompyuta inakwama au mafaili hayafunguki, nakili kwanza, tengeneza baadaye. Iwashe kwa flashi yenye Linux, au ifunge diski hiyo katika kompyuta nyingine, uhamishe kazi zako zote. Baada ya hapo ndipo utumie amri ya chkdsk kwenye Windows. Amri hiyo huilazimisha diski kufanya kazi nzito, na diski iliyo mahututi inaweza kuzimika katikati. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kuifomati diski, jibu hapana.

Swali la mfano: Kompyuta ya duka moja Mikumi huonyesha saa na tarehe ya miaka mingi iliyopita kila inapowashwa, na asubuhi haikuitambua diski. Hakuna mlio wowote mbaya. Chanzo kinachoelekea zaidi ni kipi?

Jibu: Betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi kuu, ya volti 3, imekwisha. Ndiyo huisaidia kompyuta kukumbuka saa na mipangilio ya diski umeme unapokuwa haupo. Badilisha betri hiyo, ambayo kwa kawaida ni aina ya CR2032, ingia kwenye mipangilio ya awali, rekebisha tarehe, kisha hakikisha diski imetambuliwa na imewekwa ya kwanza katika orodha ya kuwashia. Mwanafunzi aliyeandika "diski mpya" hapa atakuwa amemtuma mwenye duka kununua kitu asichokihitaji.