Masomo ya bure: nani anachukua mzigo?

Mwezi wa septemba 2019 wazazi wa inchi yetu walisikia neno jema: masomo ya primari ni bure katika shule zote za Serikali, pamoja na zile zinazoongozwa na Eklezia. Huku Gety, kama mahali pengine, neno hili lilipokelewa kwa furaha. Lakini nyuma ya furaha kuna ulizo, nalo linaletwa mbele ya mapadri na wakatekista: "Ikiwa masomo ni bure, mbona mwalimu wa mtoto wetu hana mshahara?" Kabla ya kujibu sherti tufahamu jambo lenyewe. Tukijibu bila kufahamu, tutalaumu mtu asiye na kosa, ao tutaahidi kitu tusichoweza kutoa.

1. Maana ya neno "bure"

Chaki inanunuliwa. Bati la paa linanunuliwa. Mwalimu anakula, na watoto wake wanakula. Basi, hakuna shule isiyo na garama. Tukisema "masomo ya bure", maana yake ni hii: mzazi halipi tena mlangoni mwa shule, watu wote wanalipa pamoja kwa njia ya kodi. Mzigo umetoka katika bega moja na kuwekwa juu ya mabega mengi.

Jambo hili ni la haki. Mjane mwenye watoto sita hawezi kuchukua mzigo sawasawa na mchuuzi mwenye motokari tatu. Papa Yoane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba kodi ni ya haki inapopimwa kadiri ya uwezo wa kila mtu. Lakini tuangalie vema: mabega mengi yakikataa kuchukua, mzigo unaanguka chini, na anayegandamizwa ni yule aliye karibu nao. Katika shule zetu, huyo ndiye mwalimu.

2. Ginsi tulivyofika hapa

Wakati wa Wabelgiji misioni zilijenga shule, na Serikali ikasaidia kwa feza. Mwaka 1974 Serikali ilitwaa shule zote. Tarehe 26 februari 1977 ilipatana na Eklezia: shule ni za Serikali, Serikali inalipa walimu, Eklezia inaongoza.

Halafu feza ya inchi ikaharibika. Mshahara wa mwalimu ulikuwa kama si kitu, na mnamo mwaka 1992 walimu waligoma. Maaskofu na shirika la wazazi wakapatana kwamba wazazi wenyewe watoe kitu kidogo, ili shule zisife. Ilikuwa dawa ya mgonjwa. Lakini dawa ile ikawa chakula cha kila siku, karibu miaka 30. Watoto wa maskini walifukuzwa darasani. Tena feza ile haikubaki yote shuleni: sehemu yake ilipanda mpaka ofisi za juu, za Serikali na za waongozi wa shule za dini vilevile. Tuseme ukweli huo bila kuficha.

Katiba ya tarehe 18 februari 2006, katika fungu la 43, iliandika kwamba masomo ya primari ni ya lazima na ya bure. Ilipita miaka 13 mbele ya neno lile kuanza kutimizwa katika inchi nzima.

3. Kilichotokea madarasani

Watoto walikuja wengi, na madarasa yakajaa kupita kiasi. Upande wa walimu, tuchukue mfano. Tufikiri shule yenye walimu wanane. Watano wana namba ya Serikali, na watatu hawana, ndio wale wanaoitwa "N.U." Zamani feza ya wazazi iligawanyika kwa wote wanane. Siku ilipokatazwa, wale watano walibaki na mshahara wa Serikali, hata ukiwa mdogo. Wale watatu walibaki na mikono mitupu, na hali darasa lao ni kubwa kuliko mbele. Kumbe, sheria iliyomfungulia mtoto mlango ilimfungia mwalimu mlango mwingine.

Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 za kusaidia kazi hii. Hata hivyo mwezi wa oktoba 2021 walimu waligoma, na huko Kinshasa wanafunzi waliingia katika jumba la wabunge kuomba walimu wao warudi. Tena tusisahau: ubure ni wa primari tu. Katika sekondari wazazi wanaendelea kulipa, na kwa hiyo mwalimu mwenye akili anavutwa kuacha watoto wadogo.

4. Inchi tajiri zina mzigo wao

Wengine wanafikiri kwamba taabu hii ni ya Waafrika tu. Wanakosa. Tutazame Ubelgiji. Tarehe 28 desemba 1944 inchi ile iliweka sheria kubwa: mfanyakazi na bwana wake wanatoa sehemu ya mshahara, na feza hiyo inasaidia wazee, wagonjwa na wasio na kazi. Mpango ule uliponya watu wengi na umaskini. Leo wazee wamekuwa wengi na watoto ni wachache. Ndiyo sababu umri wa kuacha kazi ulipandishwa toka miaka 65 mpaka 66 katika mwaka 2025, na sheria inasema utafika 67 katika mwaka 2030. Wafanyakazi waligoma mara nyingi. Katika Japani, kwa watu 100, zaidi ya 29 wamepita miaka 65.

Kwetu ni kinyume: karibu nusu ya watu wote wa Kongo hawajatimiza miaka 15. Kule vijana wachache wanachukua wazee wengi. Huku watu wachache wenye mshahara wanachukua watoto wengi. Ulizo ni lile lile: nani atachukua nani, na kwa haki gani?

Tofauti kubwa iko katika kikapu. Katika Ubelgiji Serikali inapokea karibu nusu ya samani ya yote yanayozalishwa kwa mwaka. Katika Kongo haifiki hata sehemu moja ya tano. Je, ni kwa sababu inchi yetu haina mali? Hapana. Zahabu ya Kilo ilivumbuliwa mwaka 1903. Leo sehemu kubwa ya zahabu ya Ituri inachimbwa kwa mikono, inavuka mpaka kwa siri kwenda Uganda, na toka huko inakwenda Dubai. Wajuzi wa Umoja wa Mataifa wameandika hayo mara nyingi. Zahabu inayovuka usiku hailipi mwalimu hata mmoja.

Tena kuna vita. Gety inajua jambo hili. Tangu mwaka 1999 watu wamekimbia na kurudi na kukimbia tena. Mwaka 2006 makumi ya maelfu walikusanyika hapa bila chakula wala makao. Tarehe 28 februari 2020 mapatano ya amani kati ya Serikali na FRPI yalitiwa sahihi papa hapa. Mwezi wa mei 2021 Serikali ilitia jimbo zima chini ya uongozi wa waaskari. Mahali pasipo usalama mlimaji analipa kwenye barieri kwa ajili ya mihogo na maharagi yake, lakini feza ile haifiki shuleni. Basi maskini analipa mara mbili, naye hapati kitu.

5. Kazi yetu

Papa Pio XI alifundisha katika mwaka 1931 kwamba mkubwa asimnyang'anye mdogo kazi anayoiweza, lakini anapaswa kumsaidia anaposhindwa. Kwa fundisho hilo tunaona makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kurudisha malipo kwa siri, kwa maana anayefukuzwa ni maskini. La pili ni kukunja mikono na kungoja Kinshasa.

Basi tufanye nini? Kwanza, tufundishe kwamba kuiba kodi, ao kula feza ya kodi, ni zambi juu ya watoto. Pili, hesabu za shule, pamoja na majina ya walimu, zisomwe wazi mbele ya wazazi, ili pasiwe na mwalimu wa karatasi tu. Tatu, wazazi wakipenda kumlimia shamba mwalimu asiyelipwa, ni vema. Lakini asifukuzwe hata mtoto mmoja kwa sababu baba yake hakuja na jembe. Ine, majina ya walimu wasio na namba yaandikwe na kupelekwa kwa waongozi wa shule na kwa wabunge, tena na tena, mpaka yajibiwe.

Katekista atafahamu upesi, kwa kuwa yeye mwenyewe mara nyingi anafanya kazi bila mshahara. Mtume Paulo anatufundisha kuchukuliana mizigo. Hapa Gety mtoto asiye na darasa hakai bure: shimo la zahabu linamwita, na bunduki inamwita. Anayempa mwalimu haki yake anamlinda mtoto huyo.