Ukusanyaji wa visu vya mfukoni

Ukusanyaji wa visu vya mfukoni ni shughuli ya kutafuta, kutambua na kuhifadhi visu vya zamani vya kukunja, yaani vile ambavyo bapa huingia ndani ya mpini. Wakusanyaji wengi hutafuta visu vilivyotengenezwa Sheffield (Uingereza), Solingen (Ujerumani) na Marekani katika karne ya 19 na ya 20. Kwa kuwa jina maarufu hupandisha bei, kuna visu vingi vyenye alama za kughushi au vilivyounganishwa kwa vipande vya visu tofauti. Hivyo alama peke yake haitoshi. Ni lazima ilingane na chuma, mpini na umri wa kisu.

Alama za watengenezaji

Alama hupigwa kwa kawaida kwenye shina la bapa, yaani sehemu isiyonolewa iliyo karibu na kiungo. Mjini Sheffield, chama cha mafundi wa visu kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1624 kilisimamia uandikishaji wa alama hizo. Kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilitumia nyota na msalaba wa Malta, na George Wostenholm alitumia herufi I*XL.

Baadhi ya alama husaidia kukadiria umri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa kutoka nje zioneshe nchi zilikotengenezwa. Bapa la chuma kisichoshika kutu haliwezi kuwa la karne ya 19, kwa sababu Harry Brearley alianza kukitengeneza Sheffield mwaka 1913.

Kampuni ya Marekani ya W. R. Case & Sons ilianza mwaka 1970 kupiga nukta kumi chini ya jina lake na kuondoa moja kila mwaka; kisu chenye nukta saba ni cha mwaka 1973. Namba zake pia zina maana. Katika 6254, tarakimu ya 6 huonesha mpini wa mfupa, 2 ni idadi ya mabapa, na 54 ni muundo wa kisu.

Vifaa vya mpini

* Mfupa: una vitundu au vistari vidogo vyeusi ambamo mishipa ya damu ilipita. Mara nyingi huchongwa vishimo na kutiwa rangi.
* Pembe ya kulungu: ina mikwaruzo ya asili isiyofanana upande mmoja na mwingine.
* Pembe ya ndovu: haina vitundu vya mfupa. Ikikatwa kwa upana huonesha mistari myembamba inayopishana.
* Lulumizi: hutoka kwenye ganda la chaza. Ni baridi ikiguswa na rangi zake hubadilika kwenye mwanga.
* Seluloidi: plastiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi, iliyoanza Marekani mnamo 1870. Ikisuguliwa hutoa harufu ya kafuri.

Jaribio la kuchoma mpini kwa sindano ya moto halifai. Huharibu kisu, na seluloidi hushika moto haraka.

Uhifadhi na sheria

Seluloidi inayooza hutoa gesi zenye asidi zinazoweza kutia kutu visu vilivyo karibu, kwa hiyo huhifadhiwa peke yake penye hewa. Kusugua bapa kwa msasa hupunguza thamani, kwani huweza kufuta alama. Mafuta kidogo hutosha kuzuia kutu.

Katika karne ya 19 pembe nyingi za ndovu zilizouzwa Ulaya na Marekani zilipitia Zanzibar. Mwaka 1989 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika. Uingereza ilipitisha mwaka 2018 sheria inayozuia uuzaji wa vitu vya pembe za ndovu, hata vya kale, isipokuwa vichache vilivyosamehewa. Kwa hiyo kukosea mfupa na pembe ya ndovu kunaweza kumfanya muuzaji avunje sheria bila kujua.