Ukizuru Lamu peke yako, nani atajua ukiugua?

KIJANA mmoja aliingia katika kliniki yangu huko Limuru akitetemeka, kichwani amevaa kofia iliyoshonwa kwa mkono. Alisema ana mafua. Kwa siku tatu alikuwa akimeza tembe za maumivu bila kupata nafuu. Nilikuwa nimekwisha kushika kalamu nimwandikie dawa ya kifua nilipoitazama tena ile kofia, nikamwuliza alikoinunua.

"Lamu, Daktari," akajibu. "Nilienda likizo peke yangu. Nimerudi wiki mbili sasa."

Niliweka kalamu chini. Damu ilipopimwa ilipatikana na viini vya malaria. Kufikia jioni alikuwa amelazwa hospitalini akidungwa dawa, kwani alikuwa ameanza kusema maneno yasiyoeleweka. Alipona, lakini sipendi kufikiria yale ambayo yangetokea kama angerudi kulala peke yake chumbani usiku ule.

Msomaji, sikukatazi kwenda Lamu. Mji huo wa kale, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2001, unafaa kuonwa na kila Mkenya, hata mwenye mfuko mwepesi. Unaabiri basi hadi Mokowe, unavuka kwa boti, unapanga chumba cha bei nafuu, kisha unajizungukia vichochoro kwa miguu ukiwapisha punda. Shida ni kwamba anayesafiri peke yake hana wa kumwuliza, "Mbona leo hujala?" Malaria kali huvuruga akili, na mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kutambua kwamba amezidiwa.

Hatari ni kubwa zaidi kwetu sisi wa nyanda za juu. Kwa sababu ya baridi, malaria ni nadra huku na miili yetu haina kinga dhidi yake. Kwa hivyo, kabla ya kusafiri mwone daktari akushauri kuhusu dawa ya kuzuia malaria. Doxycycline, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, humezwa kila siku, na huendelea kumezwa kwa wiki nne baada ya kurudi. Wengi huiacha punde wanapofika nyumbani, na hilo ni kosa. Dawa hii haiwafai wajawazito wala watoto wadogo.

Ukibana matumizi, usibane kwenye neti. Kabla ya kulipia chumba, itazame neti kama ina matundu, au ubebe yako iliyotiwa dawa. Mbu wa malaria huuma usiku, lakini wapo wengine wanaouma mchana na kuzaana katika maji yaliyohifadhiwa. Hao ndio walioeneza chikungunya mjini Lamu mwaka wa 2004, ikawalaza watu wengi kwa homa na maumivu ya viungo. Jipake dawa ya kufukuza mbu mchana pia.

Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, na ule chakula kingali moto. Ukishikwa na tumbo la kuendesha, koroga vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, unywe kidogo kidogo. Ukijikata mguu vichochoroni, osha jeraha kwa sabuni na uulize kuhusu sindano ya pepopunda, maana viini vyake hupatikana katika udongo na kinyesi cha wanyama.

Homa ikikupata ukiwa Lamu, usijifungie chumbani ukidhani ni uchovu wa safari. Mwambie mwenye gesti, kisha uende hospitali ukapimwe siku iyo hiyo. Usinunue dawa kwa kubahatisha. Ukipewa tembe za malaria, zimalize zote hata ukijisikia vizuri siku ya pili. Kabla ya kupimwa, tumia paracetamol kuteremsha homa badala ya aspirin, ambayo huweza kusababisha kuvuja damu iwapo homa hiyo ni ya dengue.

La mwisho halikugharimu hata senti. Kabla ya kuondoka, mwachie ndugu au jirani jina la gesti na siku ya kurudi, na umpigie simu kila jioni. Baada ya kurudi, homa yoyote katika miezi mitatu ya kwanza ichukuliwe kuwa malaria hadi damu ipimwe. Ukifika kwa daktari, usingoje akuulize. Mwambie, "Nilikuwa Pwani." Si kila mgonjwa atakayeingia akiwa amevaa kofia ya Lamu.