Fromaji ya Masisi: kuichagua, kuitunza na kuila salama

Juma hili tunazungumza juu ya fromaji ya Masisi, jibini ya maziwa ya ng'ombe inayojulikana kutoka Goma mpaka Kinshasa. Mapadri kutoka Ulaya ndio walioleta ufundi huu katika vilima vya Masisi, na wafugaji wetu wakaushika.

Kilo moja hudai karibu litre 10 za maziwa. Maziwa hupashwa moto kidogo na kutiwa dawa ya kugandisha. Yakishaganda hukatwakatwa, hukamuliwa maji, huloweshwa katika maji ya chumvi, kisha fromaji hukaushwa juu ya mbao huku ikigeuzwa. Vita vimefukuza wafugaji, ng'ombe wengi wameporwa na barabara hufungwa. Ndiyo maana bei hupanda, na haifai kuinunua bila kuikagua.

Sokoni. Ibonyeze kwa kidole. Iliyo changa hunesa na si kali mdomoni. Iliyokomaa ni ngumu, ya manjano, na ukiikata huvunjikavunjika. Zote ni nzuri. Iache iliyovimba, inayotoa maji au yenye harufu ya kuoza.

Nyumbani. Ifunge kwa karatasi au kitambaa safi, si katika mfuko wa plastiki uliobanwa. Kama hakuna friji, iweke mahali pa baridi na ununue kipande kidogo tu. Ukungu ukitokea juu ya fromaji ngumu, kata sehemu hiyo kwa unene wa kidole gumba kuizunguka. Ukitokea juu ya fromaji laini, itupe yote.

Afya. Mara nyingi maziwa yake hayakuchemshwa. Maziwa ya namna hiyo yanaweza kuleta vijidudu vinavyoharibu mimba na kuleta homa ya muda mrefu. Mama mwenye mimba na watoto wadogo wasiile mbichi. Ikwangue juu ya viazi au maharagwe jikoni, iache iyeyuke mpaka itokote, ndipo uwape. Na kwa kuwa ina chumvi tayari, punguza chumvi ya chungu.

Shauri letu kwa vikundi: mama wa likelemba moja nunueni duara zima kwa pamoja, mligawane siku hiyo hiyo. Hakuna kitakachoharibika, na mama muuzaji naye atarudi kwake na pesa ya kulisha watoto.