Jina moja, wanyama watatu

Katika madrasa zetu si ajabu kuwakuta watoto watatu wanaoitwa Fatuma. Mwalimu hapati tabu. Humwita kila mmoja pamoja na jina la baba yake. Wataalamu wa elimu ya viumbe nao wana utaratibu unaokaribiana na huo, na mfano wake mzuri umetoka Tabora, katika misitu ya miombo wanayoijua wazee wa Ntalikwa.

Tangu kazi ya Msweden Carl Linnaeus ya mwaka 1758, kila aina ya mnyama hupewa jina la Kilatini lenye sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ukoo, wala haiwezi kupewa ukoo mwingine wa wanyama. Ya pili hutambulisha aina yenyewe, nayo yaweza kurudiwa katika koo nyingine.

Mwaka 1880 Mjerumani Richard Böhm alifika Unyamwezi kwa njia ya misafara itokayo pwani. Aliishi Kakoma, kisha Igonda, kusini mwa Tabora, akikusanya ndege na wanyama kwa ajili ya wataalamu wa Berlin. Alifariki Katanga mwaka 1884, hajatimiza miaka 30.

Huko Berlin, mwaka 1882, Anton Reichenow alimwita ndege mmoja mla nyuki Merops boehmi: ndege wa kijani, mwenye utosi wa hudhurungi na manyoya mawili marefu mkiani. Mwaka 1886 akampa jina hilohilo kindi mwenye mistari mgongoni, ambaye leo ni Paraxerus boehmi. Mwaka 1892 Paul Matschie akalitumia kwa punda milia wa Afrika Mashariki, aitwaye sasa Equus quagga boehmi. Yeye ana majina matatu kwa kuwa ni tawi ndani ya aina moja. Herufi ö imeandikwa oe kwa sababu kanuni haziruhusu nukta juu ya herufi.

Basi mtoto asidhani kuwa ndege, kindi na punda milia ni ndugu kwa kuwa wameitwa boehmi. Neno hilo lina maana ya "wa Böhm", lakini undugu wao haupimwi kwa neno hilo. Linatuambia tu nani alikumbukwa na wenzake wa Berlin.

Walioachwa nje ni Wanyamwezi, wawindaji na warina asali, waliowajua wanyama wao kwa majina kabla msafara wowote haujapita. Majina hayo mengi yamo vifuani mwa wazee. Sisi tunaosoma kwamba Mwenyezi Mungu alimfundisha Nabii Adam (a.s.) majina, hatuna udhuru wa kuyapuuza. Jioni ya leo, wazazi, mketisheni mtoto kando ya babu yake na daftari mkononi, amuulize: ndege huyu mla nyuki, ninyi mlimwitaje?