Kuganda na Kuyeyuka: Kutoka Chupa ya Mafuta ya Nazi hadi Kichupa cha Chanjo

Miezi ya Juni na Julai, kipupwe kinapotanda juu ya uwanda wa Makonde, mafuta ya nazi yaliyolala dirishani Newala hukutwa asubuhi yakiwa meupe na magumu kama samli. Chupa ikiwekwa juani, kabla ya adhuhuri mafuta yamekuwa majimaji tena, na hakuna anayeyatupa. Chini ya uwanda, Masasi, ambako joto ni kali zaidi, chupa kama hiyo huchelewa kuganda au haigandi kabisa. Sababu ni kwamba mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 24 za Selsiasi, kiwango ambacho hali ya hewa ya sehemu hizo huvuka kwenda na kurudi.

Katika yabisi, chembe za kitu hushikana na kutikisika papo hapo zilipo. Zikipata joto la kutosha huachiana kiasi cha kuteleza, nacho kitu huwa kimiminika; zikipoa hushikana upya. Hakuna kitu kipya kilichozaliwa, ndiyo maana badiliko hili huitwa la kiumbo. Mshumaa huonyesha tofauti vizuri: nta inayotiririka pembeni na kuganda bado ni nta, lakini ile inayoungua katika utambi imekwisha kuwa hewa na mvuke, wala hairudi.

Barafu hufuata kanuni hiyo hiyo, na ina sifa moja ambayo huduma ya chanjo huitegemea. Inapoyeyuka hubaki kwenye nyuzi 0 hadi kipande cha mwisho kimalizike, ingawa muda wote huo inanyonya joto. Kuyeyusha kilo moja ya barafu huhitaji joto linalokaribia kutosha kupasha kilo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Kwa hiyo pakiti chache za barafu zaweza kulinda sanduku la chanjo safari nzima ya kwenda kijijini.

Hatari hujificha hapa. Pakiti iliyotoka sasa hivi katika jokofu la kugandishia haiko kwenye nyuzi 0. Huweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kichupa kinachoigusa huganda, ilhali chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Hofu ya joto ni ya haki katika mikoa ya kusini, lakini imewafanya wengi wasahau kwamba baridi nayo huharibu. Pakiti iachwe kwanza mezani hadi ikitikiswa isikike maji yakicheza ndani. Hapo imefika nyuzi 0. Saa ya ukutani si kipimo kizuri: mchana wa Masasi pakiti huwa tayari mapema, asubuhi ya Newala hukawia. Sikio ndilo la kuaminiwa.

Je, chanjo iliyoganda ikiyeyuka hairudi kama mafuta ya nazi? Maji yaliyomo hurudi, chanjo hairudi. Chanjo dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, ina chembe ndogo mno za chumvi ya alumini zilizobeba viini vya kinga. Maji yanapoganda, fuwele za barafu huzisukuma chembe hizo pamoja zikagandamana, na barafu ikiyeyuka haziachani. Chanjo ya pepopunda ya wajawazito na ile ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi zimo katika kundi hilo. Mtoto aliyechomwa chanjo ya namna hiyo huenda akarudi nyumbani na kadi iliyojazwa, ilhali mwilini kinga ni haba au haipo.

Kichupa kinachoshukiwa hupimwa kwa kutikiswa. Huchukuliwa kingine cha chanjo hiyo hiyo, cha mtengenezaji mmoja na toleo moja, kikagandishwa makusudi na kuyeyushwa. Vyote viwili hutikiswa kwa pamoja na kuwekwa kando kwa kando. Kile kinachoshukiwa kikijitenga na kutuama upesi sawa na kilichogandishwa, au upesi zaidi, hakifai. Kilichokutwa kimeganda wazi hakina haja ya kupimwa. Hutupwa kwa utaratibu. Si chanjo zote ziko hivi: ya matone ya polio hustahimili kuganda, na unga wa surua na wa kifua kikuu pia, ila maji ya kuchanganyia unga huo yasigandishwe, kwa kuwa chupa yaweza kupasuka.

Mgonjwa wa kisukari anayetunza insulini nyumbani anahusika vilevile. Insulini iliyoganda hupoteza nguvu hata ikionekana safi baada ya kuyeyuka, basi isiwekwe kwenye sehemu ya kugandishia wala kuegemezwa ukuta wake. Asiye na jokofu huweza kuifunga katika mfuko usiopitisha maji na kuiweka ndani ya chungu kilicholoweshwa, mahali penye kivuli na upepo. Chungu hupoza maji yanapovukizwa kutoka ubavuni mwake, na hakiwezi kamwe kuigandisha.